Kokugonza na Mchezo wa Wafu

Siku ya kumi na tisa Avit alimletea dada yake kompyuta mpakato iliyofungwa kwenye khanga, kama mtu anayempelekea mgonjwa chakula cha moto. Alikuwa ametoka Bukoba asubuhi, akapita Muleba mjini, akafika hospitali ya misheni saa ya kuona wagonjwa ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Aliiweka kompyuta juu ya tumbo la Kokugonza, akaitegemeza kwa mto, akasema, "Kwenye simu ulilia kwamba umeshahesabu mbao za dari mpaka umezipa majina. Basi leo angalia kitu kingine."

Kokugonza alicheka, kisha akakunja uso. Kicheko kilikuwa kinamvuta mguu.

Mguu wenyewe ulikuwa wa kulia, umevunjika paja. Walikuwa wamempitishia chuma kwenye mfupa chini ya goti, kwenye chuma wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na upande wa pili ukaning'inia mfuko wa mchanga. Mchanga ule ulivuta usiku na mchana ili mfupa usijipange vibaya. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa miguu, kwa hiyo kichwa kilikaa chini kuliko nyayo. Hakuweza kulala ubavu. Hakuweza kukaa. Aliyekuja kumwona alimwona kutoka juu, na yeye akamwona mtu kuanzia kidevuni. Daktari alikuwa amesema wiki sita, labda nane.

Kwa mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyezoea kufanya kazi kwa kusimama, hilo lilikuwa kama kufukiwa akiwa hai. Kokugonza alikuwa mchoraji wa mabango. Kibanda chake kilikuwa Nshambya, na saluni nyingi, magenge mengi na shule kadhaa za chekechea za Bukoba zilibeba herufi zake. Kazi ya mwisho aliipata Muleba, kwa Ta Ishengoma, mzee mnunuzi wa kahawa aliyekuwa anajenga ghala kando ya barabara ya kwenda Rubya. Ta Ishengoma alitaka ukuta mzima wa mbele uchorwe tawi moja kubwa la mbuni lenye matunda yaliyoiva. Ukuta ulikuwa na urefu wa watu wanne. Fundi wa paa, Mutembei, ndiye aliyemfungia jukwaa la mirunda na mbao, na siku ya nne ya kazi Kokugonza akaanguka kutoka jukwaa hilo.

Watu walisema ubao uliteleza. Kokugonza naye alisema hivyo hivyo.

Avit alimfundisha mchezo kwa dakika kumi. Vitufe vinne tu: kwenda mbele, kurudi, kuruka, kushika. Mchezo ulikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo Avit hakuhangaika kulitafsiri. Habari yake ilikuwa fupi: mji umeingiliwa na mazombi, mwanamke mmoja amebaki mzima, na anatakiwa kuukimbia mji kwa kuruka kutoka paa hadi paa, dirisha hadi dirisha, asishikwe na asianguke.

"Mambo ya vijana haya," alisema Kokugonza.

"Wewe utazame tu. Usipocheza, tazama picha."

Alitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale akasahau kwamba kichwa chake kiko chini kuliko miguu yake.

Ulimwengu wa mchezo ule ulikuwa mweusi wote, kama uliokatwa kwa mkasi kwenye karatasi ya kaboni. Nyumba, nguzo, waya, vyote vivuli. Rangi ilikuwa angani tu. Hatua ya kwanza mbingu ilikuwa ya njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na mwanamke mweusi akikimbia mbele yake alionekana mpaka vidole. Wafu walichorwa kwa namna ambayo Kokugonza hakuwahi kuiona. Hawakuwa na nyuso. Kila mmoja alikuwa kama pigo moja la brashi pana iliyokaribia kuishiwa rangi, linaanza zito na kuishia mikwaruzo. Na bado ulijua huyu alikuwa kondakta, kwa jinsi mkono ulivyobaki juu. Yule alikuwa bibi harusi. Yule alikuwa mpishi, maana mwiko haujamtoka mkononi. Mchoraji alikuwa amejua mahali pa kuacha. Kokugonza, aliyekuwa akigombana kila siku na wateja wanaotaka kila nafasi ya bango ijazwe, aliona wivu mpaka ukamwasha kifuani.

Hatua ya pili mbingu ilikuwa kijani cha jani la mgomba mvua ikishakatika. Humo maji yalikuwa yamejaa mitaani na kila kitu kilionekana mara mbili, juu na chini.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila yule mwanamke alipokufa, mchezo haukuendelea hapo hapo. Picha ilirudi nyuma kidogo, rangi yote ikatoka angani, ikabaki kijivu, na sekunde za mwisho zikachezwa upya polepole, kimya, huku mguu au mkono uliokosea ukibaki peke yake na rangi. Ulionyeshwa kosa lako. Kisha ndipo ulipopewa uhai mwingine.

"Wanakupa somo," Avit alisema akiaga.

Kitanda cha jirani alilala Ma Edvina, ajuza wa miaka sabini na kitu, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kibanjani kwake akikata ndizi. Alikuwa Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, mwenye ulimi mwepesi na macho mazuri kuliko ya wauguzi. Siku tatu za kwanza aliutazama mchezo kwa kuibia.

"Abo n'abafu?" aliuliza mwishowe. Hao ni wafu?

"Ni wafu, Ma. Ila wanatembea."

"Wanatafuta nini?"

"Wanamtaka huyu mzima."

"Mawe! Mama yangu! Si wamwache." Kisha akasema, "Igeuze kidogo. Na mimi nione."

Tangu siku hiyo wodi nzima ikauita mchezo wa wafu. Nesi Nancy aliwachajia kompyuta mezani kwake, na wagonjwa walioweza kutembea waliegemea vitanda vya wale wawili baada ya chakula cha mchana. Muda ulikuwa umeanza kusogea.

Ndipo alipokuja Mutembei.

Alikuja siku ya Jumamosi na kofia mkononi, na mfuko wa parachichi, na nanasi moja. Mtu mrefu, mwembamba, wa makamo, mwenye kucha nyeusi za lami ya paa. Hakukaa kwenye stuli. Alisimama miguuni pa kitanda, karibu na mfuko wa mchanga, na Kokugonza hakuwa na pa kuuweka uso wake. Mtu mwenye miguu mizima angegeuka ukutani. Yeye mgongo wake ulikuwa umepigiliwa kitandani.

"Pole, mama," alisema Mutembei.

"Nimeshapoa, fundi. Karibu."

"Nimechelewa kuja. Nilikuwa na aibu." Alizungusha kofia. "Ule ubao nimeukagua mara nne. Niliufunga mwenyewe kwa waya, pande zote mbili. Waya upo. Sikuona ulipoteleza. Lakini wewe ndiye uliyekuwa juu, na umesema uliteleza, basi uliteleza. Naomba unisamehe."

Kokugonza aliangalia dari. "Yamekwisha, fundi," alisema.

"Asante." Alionekana kupumua. "Ta Ishengoma ameniondoa kwenye paa. Kampa mtu mwingine. Na kule kanisani walikoniahidi, nao wamesema ningoje kwanza. Nawaelewa. Nani ampe paa fundi anayeangusha watu? Lakini nilisema, la kwanza ni wewe."

Aliweka parachichi kwenye kabati dogo, moja moja, ili zisidondoke, akaondoka. Ma Edvina alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

"Mzembe," alisema, "lakini ana adabu."

Jumatatu yake Kokugonza akaingia hatua ya tatu. Mbingu ilikuwa nyekundu.

Haikuwa nyekundu ya damu wala ya bendera. Ilikuwa nyekundu yenye weusi kwa ndani na uhai kwa juu, nyekundu ya tunda la kahawa linalopaswa kuchumwa leo, kesho litakuwa limechelewa. Aliitafuta rangi hiyo siku nne juu ya ukuta wa Ta Ishengoma. Alichanganya makopo, akaongeza kahawia, akaongeza machungwa, akafuta, akaanza upya. Mtu fulani ambaye hamjui, katika nchi asiyoijua, alikuwa ameipata na kuimwaga kwenye mbingu nzima. Na mbele ya mbingu hiyo ulisimama mnara wa tanki la maji, mweusi, na ngazi inayopanda mpaka ukingo wa juu.

Mwanamke wa mchezo alisimama chini ya ngazi. Kokugonza alibonyeza kitufe cha kushika. Mwanamke akapanda vipago vitatu, na Kokugonza akajiona yuko tena juu ya jukwaa, siku ile. Akaachia kitufe. Mwanamke akashuka.

Ikawa hivyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Aliufungua mchezo, akamfikisha mwanamke chini ya mnara, akamwacha hapo. Alikuwa amegundua kwamba hapo chini wafu hawafiki, wanapita kwa mbali tu, wakiyumba kwenye ule wekundu. Akasema anatazama rangi. Akaomba daftari kwa Nesi Nancy, akachora mnara, akachora wafu. Ngazi hakuichora.

"Panda wewe!" alisema Ma Edvina siku ya Alhamisi. "Siku ya nne leo tunatazama tanki. Tanki hata kwetu lipo."

"Napumzika, Ma."

"Unapumzika tangu umeletwa hapa. Lete."

Alikuwa hatanii. Nesi Nancy alikuwa anapita, akacheka, akaibeba kompyuta akamwekea bibi kifuani, akamwonyesha vitufe vinne. Mikono ya Ma Edvina ilikuwa na vidole vinene vya jembe, na alibonyeza kila kitufe kama anayejaribu embe. Yule mwanamke akapanda. Akafika katikati, akaruka bila sababu, akaanguka. Ma Edvina akacheka mpaka meno yake mawili ya mbele yakaonekana kwa wodi nzima. Akajaribu tena. Akafa tena. Mara ya sita au ya saba alifika juu kabisa, mwanamke akasimama kwenye ukingo mwembamba wa tanki, mbingu yote nyekundu nyuma yake, na mwenye vitufe asijue afanye nini. Akabonyeza cha kurudi. Mwanamke akapiga hatua moja nyuma, hewani.

Picha ikarudi, ikawa kijivu. Polepole, kimya, mwanamke akasimama ukingoni, akainua kisigino, akakipeleka nyuma mahali pasipo na kitu. Kisigino kile tu ndicho kilichokuwa na rangi.

"Tazama huyu!" alisema Ma Edvina, akimgombeza mwanamke wa kwenye kioo. "Amefika juu salama, anarudi nyuma mwenyewe. Nani amekusukuma? Hakuna!"

Aligeuza kichwa apate wa kucheka naye, akamkuta Kokugonza analia. Kwa vile alilala kichwa kikiwa chini, machozi yalikuwa yanapanda kwenye nywele.

"Mguu?" aliuliza Ma Edvina. "Nimwite nesi?"

"Si mguu." Akajaribu kunyamaza, akashindwa. "Ma, ule ubao haukuteleza."

Akamwambia. Siku ile alikuwa ameweka nyekundu kwenye tunda la kwanza. Kwa karibu ilikuwa nzuri, lakini rangi ya ukutani haihukumiwi kwa karibu. Chini, kibandani, kila mara ukishapiga rangi unarudi nyuma hatua mbili tatu, unakunja jicho moja, unaangalia. Miaka kumi na mitatu alikuwa anafanya hivyo. Akashika brashi mkono wa kulia, akakunja jicho moja, akarudi nyuma. Hatua ya kwanza ilikuwa juu ya ubao. Ya pili haikuwa juu ya kitu.

"Walipofika kuniokota, mmoja akauliza, 'Ubao umeteleza?' Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilikuwa na maumivu, Ma, sikujua hata jina langu. Lakini kesho yake nilikuwa najua. Ta Ishengoma alikuja akauliza, nikasema uliteleza. Avit akauliza, nikasema hivyo hivyo. Ningesema nini? Mchoraji wa miaka kumi na mitatu, nimesahau kwamba niko juu?"

Ma Edvina hakumbembeleza. Aliifunga kompyuta kwa viganja viwili, kama kitabu cha sala.

"Mimi nimekula parachichi za mtu yule," alisema, "huku namwita mzembe."

Kisha akachukua rozari, ingawa jioni ilikuwa bado.

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, Kokugonza akampigia Mutembei. Alikuwa amepanga maneno, lakini simu ilipopokelewa yakatoka bila mpango, ya mwisho kwanza. Upande wa pili kuku alisikika, na mtoto akimwita mwenzake.

"Mke wangu alisema," Mutembei alitamka hatimaye. "Alisema, 'Wewe huwezi kuacha ubao bila kuufunga.' Nikamwambia anyamaze, mgonjwa hawezi kusema uongo."

"Nisamehe, fundi."

"Usiniombe mimi kwenye simu. Mwambie Ta Ishengoma. Na umwambie watu wakiwepo, maana mimi nimesemwa watu wakiwepo."

"Siwezi kutoka kitandani."

"Basi nitawaleta."

Akawaleta Jumapili, baada ya misa, saa ya kuona wagonjwa. Tangu asubuhi Kokugonza alikuwa ameomba mara mbili Nesi Nancy amnyooshee shuka. Aliutazama mlango ukiwa kichwa chini miguu juu, na alipoziona suruali tatu zikiingia kwa mpango, bila vikapu wala chupa za uji, akaivuta shuka mpaka kidevuni. Alijua kila kona ya chumba kile. Hapakuwa na hata moja ambayo angeweza kuifikia.

Ta Ishengoma alitangulia, mtu mnene mwenye koti la kanisani. Nyuma yake walikuwa Mutembei na msimamizi wa ghala, kijana aliyeitwa Johnson. Wodi ilikuwa imejaa ndugu za wagonjwa. Mutembei alisimama pale pale aliposimama Jumamosi ile.

"Ameniambia una neno," alisema Ta Ishengoma. "Unaendeleaje kwanza?"

"Naendelea, Ta. Shikamoo."

"Marahaba. Haya."

Sauti ya Kokugonza ilitoka ndogo. Johnson akasema, "Hatusikii." Akaanza upya, kwa nguvu zaidi kuliko alivyotaka, na mazungumzo ya vitanda vya jirani yakakatika, kitanda kimoja baada ya kingine.

"Ubao haukuteleza. Jukwaa la fundi lilikuwa zima. Nilirudi nyuma mwenyewe kuangalia rangi, nikaanguka. Nikasema uongo kwa sababu ya aibu. Fundi Mutembei hana kosa lolote."

Mahali fulani kijiko kiliwekwa kwenye bakuli. Ta Ishengoma alimtazama, kisha akautazama mguu, chuma, kamba, mchanga.

"Wiki nne," alisema. "Wiki nne nimemtukana mtu huyu mpaka sokoni."

"Najua, Ta."

"Hujui. Wewe ulikuwa hapa." Aligeuka kwa Mutembei. "Fundi, kesho uje. Yule mwingine amefika nusu, na hata hiyo nusu inavuja." Alisita, akaongeza kwa sauti ya chini, "Nimekukosea."

"Nimesikia," alisema Mutembei. Akavaa kofia humo humo ndani. Alimwangalia Kokugonza mara moja, bila hasira, bila kingine chochote ambacho Kokugonza angeweza kukishika, akatoka. Wengine wakamfuata.

Nusu saa ilikuwa imebaki ya kuona wagonjwa. Hakukuja mtu mwingine kwake. Ndugu za wagonjwa waliongea kwa kunong'ona, wakimtupia jicho, na yeye akalala chali katikati yao, uso wazi, asiweze hata kuwapa mgongo. Alijaribu kufumba macho, lakini akahisi wanamwangalia zaidi, akayafumbua. Ma Edvina alikuwa anahesabu rozari. Alipofika mwisho wa fumbo alinyoosha mkono katikati ya vitanda viwili, na mkono haukufika, ukabaki hewani kidogo, ukarudi.

"Kula chochote," alisema. "Umekuwa mweupe."

Mchezo aliuendeleza Jumanne. Alipanda ngazi, akaanguka, akapanda, akapita. Hakusikia furaha aliyodhani ataisikia. Ng'ambo ya mnara mbingu ilikuwa ya buluu iliyopauka, karibu nyeupe, na wafu walikuwa wachache. Aliitazama kwa muda mrefu, akachora kurasa mbili.

Ma Edvina aliruhusiwa wiki iliyofuata. Wanawe walimbeba kwa kiti hadi kwenye gari, na alipofika mlangoni alipaza sauti kwamba yule mwanamke wa mchezo asiachwe na wale wafu. Siku mbili baadaye daktari akaleta picha ya mfupa, akaiinua dirishani. Mfupa ulikuwa umeanza kushika, lakini si vya kutosha. Akasema wiki tatu zaidi, na akasema pole. Kokugonza akaitikia, akaomba tu mfuko wa mchanga uangaliwe, maana ulikuwa unagusa chuma cha kitanda na kugonga kila alipopumua.

Avit alipokuja tena alikuwa na daftari jipya na habari za barabarani. Alikuwa amepita kwenye ghala. Ukuta ulibaki vile vile, tawi lenye tunda moja tu, na Ta Ishengoma alikuwa hajaamua atamwita mchoraji gani. Mutembei alikuwa juu ya paa, anapigilia bati.

"Ulimsalimia?" aliuliza Kokugonza.

"Nilimsalimia. Akaitikia. Akauliza unaendeleaje, nikamwambia bado wiki tatu."

"Akasemaje?"

"Akasema nikupe pole."

"Alisemaje hasa? Alisimamisha nyundo, au aliendelea kugonga?"

Avit alifikiri, akakuna shavu. Hakukumbuka.